Pampu ya Wakwe Kule Ludara

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya harusi. Harusi yenyewe ilikuwa ya kaka yangu, lakini viatu vilinitosha, na niliona haya mtu aliyeajiriwa na chuo kikuu aende kazini na ndara. Nilikuwa nimetoka kumaliza shule ya usiku pale Arua mjini, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mchana nilisaga muhogo kwenye kinu cha mjomba, jioni nikaingia darasani ningali mweupe kwa unga toka utosini hadi vidoleni, hata mwalimu wa hesabu akazoea kuniita Mzungu. Siku matokeo yalipotoka, mtaa wetu wa Wanubi ulipiga ngoma mpaka, nakuapia, ng'ombe wa Kongo wakakosa usingizi. Halafu redio ikatangaza kwamba chuo kinatafuta msaidizi wa karakana ya maji. Mjomba akazima kinu ili tusikie vizuri. Kinu kile hakikuwa kimezimwa hata alipofariki babu.

Langoni alinipokea Mkuu wa Karakana, mtu wa Dadamu, mfupi, mpana kama pipa la mafuta. Alitazama viatu vyangu kwa muda mrefu kuliko alivyotazama cheti.

"Wewe ndiyo Rajabu wa shule ya usiku?"

"Ndiyo, Mzee."

"Vizuri. Watu ya usiku wanaona gizani. Vua hiyo viatu, shuka kisimani."

Nyuma ya karakana palikuwa na kisima cha kufundishia, na spana kubwa ilikuwa imeangukia humo. Nilishuka kwa kamba, nikalowa, nikaipata, nikapanda. Mkuu akaipokea, akaipangusa kwenye suruali yake, akasema, "Sasa umeajiriwa. Ile barua ya kazi ilikuwa salamu tu."

Vijana mnaosoma haya, chuo chetu kilikuwa kidogo kiasi kwamba ukipiga chafya langoni, maktaba wanakuitikia. Kilikuwa na majengo machache, basi moja lililokohoa kuliko wagonjwa, na jenereta ambayo Mkuu wa Karakana aliihudumia kama mama mkwe. Lakini udogo huo ulikuwa na faida yake. Mhadhiri wa sheria alikula meza moja na fundi wa pampu. Mwanafunzi wa uuguzi alijua jina la mpishi, na mpishi alijua ni mwanafunzi yupi hajala tangu jana. Kulikuwa pia na Idara ya Huduma kwa Jamii, ambayo kazi yake ilikuwa kuhakikisha elimu haibaki ndani ya ukuta. Karakana yetu ya maji ilikuwa mkono wa idara hiyo, na mimi nilikuwa, tuseme, ukucha wa mkono.

Niwaeleze pampu ya mkono, kwa sababu wengi wenu mmezaliwa mkakuta bomba jikoni. Ukisukuma mpini, mnyororo unavuta fito za chuma ambazo zimeunganishwa moja kwa moja hadi chini kabisa. Mwisho wa fito kuna pistoni, imevaa mpira mfano wa kikombe. Pistoni ikipanda inainua maji, ikishuka inayapisha. Chini yake kuna valvu ya mguu, mlango mdogo unaozuia maji yasirudi yalikotoka. Mkuu wa Karakana alinifundisha kuijua pampu bila kuifungua. Ukisukuma mara nyingi kabla maji hayajatoka, valvu ya mguu inavuja. Mpini ukiwa mwepesi kama unapepea moto wa jikoni, fito zimekatika. Pampu ikilia kama mbuzi aliyeachwa na mama yake, inaomba grisi.

"Pampu haidanganyi," alisema. "Ni watu wanaosema iko sawa na haiko sawa."

Baada ya kunikomaza alinituma Inde, kwenye kituo cha biashara kusini mwa Arua, chini ya Mratibu wa Huduma kwa Jamii. Huyu alikuwa mama mrefu, mhadhiri wa ustawi wa jamii, aliyetembea kwa kasi hata upepo ukawa unamwomba ausubiri. Yeye ndiye aliyeamua kwamba siku za gulio chuo kihamie sokoni. Tulitandika turubai kati ya wauza samaki wakavu na wauza ufuta. Upande mmoja wanafunzi wa uuguzi walipima presha. Upande wa pili wanafunzi wa sheria waliketi na mhadhiri wao, wakisikiliza kesi za mashamba na talaka. Upande wangu ulikuwa wa pampu: nilisimamisha pampu nzima juu ya pipa la maji, nikafundisha watu kuifungua na kuifunga.

Si kila kitu kilifaulu, nisiwadanganye. Tangi la gesi ya samadi tulilojenga pale Inde lilizaa gesi kidogo, kisha likawa banda la kuku, na kuku walinenepa kuliko kuku wowote wa mkoa wetu wa West Nile. Kipimo cha presha nacho kiligeuka mashindano. Wauza samaki walikuja wamebeba namba zao kama magoli. "Mimi nimempita Mama Asha!" alipiga kelele mmoja, na wauguzi wakahangaika kumweleza kwamba katika mchezo ule mwenye magoli mengi ndiye aliyefungwa. Hata hivyo alianza dawa, na mpaka leo anauza samaki.

Hapo Inde ndipo nilipomwona Keji mara ya kwanza. Alikuwa mama kijana, Mkakwa kutoka Ludara, kule Koboko, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa amesafiri safari ndefu, akafikia kwa shangazi yake muuza samaki, kwa ajili ya mafunzo yangu tu. Wanaume waliokuwa kwenye turubai walicheka.

"Dada, hii si ya kusonga ugali," alisema mmoja. "Bomba moja ya chuma ni nzito kama sisi wawili."

Keji alimfunga mtoto vizuri, akainama, akainua bomba, akalitembeza mpaka kwenye pipa, akarudi. "Wewe umesema nzito kama nani?"

Nikamuuliza, "Kwenu Ludara iko pampu?"

"Hapana. Bado."

"Sasa unajifunza ya nini?"

"Mwalimu, nani ananunua jembe mvua ikishanyesha?"

Nilimpa spana. Katika kundi lile alitoka wa kwanza, na chuo kikampa cheti na sanduku la vifaa: spana, kishikio cha kuzuia bomba lisizame, grisi, na mipira ya akiba. Alirudi nalo Ludara kichwani. Na Ludara wakampokea kwa jina jipya: Fundi wa Hewa. Ana sanduku, ana cheti, na pampu hana! Watoto walimwimbia njiani. Wakati huo huo, maji ya kunywa walichota kijitoni, ng'ombe akiwa amesimama upande wa juu wa mkondo, anafanya mambo ya ng'ombe. Mtoto wa Keji, yule aliyekuja naye Inde mgongoni, alikuwa anaharisha mara kwa mara, akipona wiki hii anaanguka wiki ijayo. Keji hakulia kwa jina la Fundi wa Hewa. Alilia kwa huyo mtoto.

Aliandika ombi kwa Mratibu, Mratibu akalibeba hadi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, na muda si mrefu nikahamishiwa Koboko, chini ya mhadhiri wa jiolojia tuliyemwita Daktari wa Miamba. Daktari huyu alikuwa mama wa maneno machache, mifuko imejaa karanga. Aliweza kutembea nusu siku akila karanga bila kusema neno, kisha akasimama na kusema, "Hapa," na ikawa hapa kweli.

Kazi yake ilikuwa hivi. Maji ya ardhini kwetu hayakai kama ziwa chini ya miguu. Yanakaa ndani ya nyufa za mwamba, na ufa unaweza kuwa hapa na usiwe pale. Daktari alipigilia vyuma ardhini, akaunganisha nyaya, akapitisha umeme kidogo, akapima jinsi ardhi inavyoukataa. Mwamba mkavu unakataa kwa ubishi wote. Mwamba wenye ufa na maji unalegea. Ludara tulizunguka siku nzima, mpaka akasimama karibu na kichuguu kikubwa katika shamba la ufuta. "Hapa." Nikapigilia kigingi, nikakipaka rangi nyekundu kichwani, tukaenda zetu Arua kungoja mtambo wa kuchimba.

Shamba lile lilikuwa la Mzee Wani, baba yake Keji. Ng'ambo ya mpaka lilianza shamba la Mzee Lemi, baba wa mume wake. Koo hizi mbili ziligombana zamani sana, mababu wakapatana, na siku ya kupatana walipanda mstari wa miti kati yao. Miti ile haigusiki. Mtu akiikata, Ludara wanaamini watoto wake hawatakua. Keji ndiye binti wa kwanza kuolewa kuvuka mstari huo.

Mtambo ulikuwa wa kuazima. Wenyewe walitupa nafasi kati ya kazi moja na nyingine, kisha ulitakiwa uende Yumbe, na baada ya hapo mvua zingefunga barabara. Ulikuja na Fundi Mkuu wa Mtambo, jamaa wa miwani nyeusi ambaye nadhani alioga nayo. Mimi na Daktari tulichelewa kwa sababu ya lile basi letu, likakohoa na kulala njiani. Tulipofika Ludara tulikuta kijiji kizima kimejipanga, na mtambo unanguruma palipo na kigingi chekundu.

Biti, lile jino la kuchimbia, lilikuwa limezama mbali. Kompresa, ile mashine ya upepo, inapuliza kilichochimbwa kije juu. Ukiona vumbi, bado. Ukiona tope, shukuru. Tuliona vumbi jeupe. Tukaona vumbi jeupe zaidi. Wazee, wanawake, mbuzi, wote tukawa weupe kama mimi enzi za kinu. Fundi Mkuu akaongeza fito, akaongeza tena, halafu akazima.

"Hii ni jiwe," alisema. "Jiwe mpaka Australia. Kesho asubuhi naenda Yumbe."

Mtoto mmoja akaanza ule wimbo, "Fundi wa Hewa, Fundi wa Hewa," mama yake akampiga kofi, lakini wimbo ulikuwa umeshasikika. Keji alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la vifaa. Alikuwa amekuja nalo, limepanguswa linang'aa.

Daktari akatia mkono mfukoni. Alitafuna karanga, akazunguka mtambo, akatazama mstari wa miti uliokuwa hatua chache tu kutoka shimoni. Akaniita.

"Rajabu. Kichuguu changu kiko wapi?"

Nikageuka. Kichuguu kilikuwa kule, mbali, katikati ya ufuta.

"Daktari," nikasema, "kichuguu kimehama."

Hapo Mzee Lemi akajitokeza, kifua mbele, na Mzee Wani nyuma yake. Hawakuwa na aibu hata ya kiasi cha chembe ya chumvi. "Kichuguu iko pale pale," alisema Mzee Lemi. "Kigingi ndiyo tumeleta hapa. Sisi wawili. Mimi nilishika, mukwe akapigilia."

"Kwa nini, Mzee?" aliuliza Daktari.

"Kwa adabu!"

Mzee Wani akaeleza, kwa upole, kama anayefundisha mgeni kula. "Mama, maji ikikaa kwa shamba yangu, huyu mukwe wangu atatuma watu wake kwangu kila siku, asubuhi na jioni, wanaomba. Mimi nimekula ng'ombe yake ya mahari. Sasa nimfanye mutu wa kuomba maji? Na kijana yake, bwana ya Keji, akija kuchota, atakutana na bibi yangu. Mama mukwe wake! Uso kwa uso, ndoo mkononi!" Akashika kichwa. "Haiwezekani."

Kwa wasiojua: kule Ludara kijana akimwona mama mkwe wake njiani, anaingia porini ampishe. Nimemwona mwenyewe mwanaume mzima akiruka ndani ya miiba na baiskeli yake.

"Basi tukasema tuweke katikati," Mzee Lemi akamalizia. "Kwa mpaka. Isiwe yake, isiwe yangu. Maji iko chini kila mahali, si ndiyo? Kama damu kwa mwili."

Daktari aliacha kutafuna. "Kweli, Mzee. Kama damu. Na wale wasichana wetu wauguzi wakitaka damu, wanachoma wapi?"

"Kwa mshipa."

"Wakichoma mfupa?"

Mzee Lemi akatazama lile shimo jeupe. "Ah," akasema.

Sasa hali ilikuwa hii. Maji yalikuwa kwenye kichuguu, na kichuguu kilikuwa kwa Wani, na adabu ilikataa yakae kwa Wani. Mpaka haugusiki. Mtambo unaondoka asubuhi. Fundi Mkuu akasema alikuwa na dizeli ya kutoboa mara moja tu, na pengine atatoboa mchana huo, pengine hatatoboa. Mratibu alikuwa amefika na pikipiki, na wazee wakaitisha kikao papo hapo, kivulini mwa mtambo wenyewe.

Mratibu alikuwa na desturi moja ambayo ilinitesa miaka yote. Kijiji kikianza kuamua, watu wa chuo wanakaa nyuma na kufunga midomo. "Chuo kimeshasema neno lake," aliniambia, maana aliniona nimeshavuta pumzi. "Daktari ameonyesha maji. Mahali pa kukaa watu wanajua wenyewe. Rajabu, kaa." Nilikaa. Nilikuwa na mawazo mazuri kama kumi na nikayameza yote, na mpaka leo tumbo linaniuma nikiyakumbuka.

Wazee walizunguka, walirudi, walizunguka tena. Wengine walisema tuache tu. Ndipo Keji akatoka mbele na mtoto wake. Mke hasemi na baba mkwe wake mbele ya watu akimtazama. Kwa hiyo alipiga magoti, akamweka mtoto mapajani, akaanza kuongea na mtoto. Kikao kizima kikasogea kumsikiliza mama anavyoongea na mtoto wake.

"Mwanangu, hapa umekaa na babu wawili. Uliza babu yako huyu, na babu yako yule. Uliza: mama alipoolewa, alivuka miti gani?"

Mtoto akala kidole.

"Alivuka hiyo hapo. Kuna mti ilikatwa? Hakuna. Kuna mutu ilikufa? Hakuna, ulizaliwa wewe. Sasa uliza babu Wani: siku mama anatoka kwake, alimpa nini?"

"Mtungi," Mzee Wani akajibu, kabla mtoto hajauliza. "Mkeka na mtungi."

"Mwambie babu: mtungi iko. Mzuri sana. Lakini mpaka leo haijaingia maji ya kunywa, inaingia maji ya ng'ombe, na wewe unaugua. Muulize: baba akimpa mtoto mtungi, anabaki na maji yake ya nini? Si atoe na maji?"

Mzee Wani alianza kucheka. Alicheka taratibu, kutoka tumboni, akimnyooshea mkwe wake kidole. "Lemi! Unasikia mutu ulioa kwangu? Ng'ombe zile zilikuwa kidogo! Ulininyang'anya!"

"Nasikia," alisema Mzee Lemi. "Kila siku nasikia. Leo wewe sikia pia."

Lakini mpaka? Mzee mmoja wa ukoo wa Lemi aliuliza hivyo, na kicheko kikakatika. Mzee Wani akainuka. Alitembea mpaka kwenye miti, akaugusa mmoja kwa kiganja, akageuka akatazama kichuguu. Halafu akasema maneno ambayo mimi, mwenye cheti cha shule ya usiku na diploma ya chuo, nisingeyafikiri hata kwa mwaka.

"Hatung'oi mti. Tunaongeza. Mpaka unatoka hapa, unaenda mpaka kwa kichuguu, unarudi hapa. Kama kiwiko. Kile kipande ndani ni maji ya mtungi ya mtoto yangu."

Mzee Lemi hakukubali kupokea bure. Huko chini karibu na kijito, alisema, kiwiko kingine kitainamia upande wake, na Wani atalima karanga humo. Wale wanafunzi wa sheria walikuja baadaye kuandika makubaliano kwa utaratibu, na mhadhiri wao alisema hajawahi kuona mpaka wenye viwiko viwili. Siku ile hakuna aliyengoja karatasi. Vijana wa koo zote mbili walikimbilia miche, wazee wakapima kwa kamba ya ng'ombe, na miti mipya ikapandwa kwenda na kurudi, mpaka kona ya kiwiko ikaangukia palipokuwa pameketi kigingi changu mwanzo. Upande wa kaskazini wakaziba kwa uzio wa matete, ili mama mkwe apite kwake na kijana apite kwake, adabu isiumie.

Fundi Mkuu wa Mtambo alikuwa ametazama yote haya akiegemea gurudumu. Hakuulizwa. Aliingia tu kwenye gari, akawasha, akausogeza mtambo hadi kwenye kichuguu.

Vumbi jeupe. Vumbi jeupe. Karanga za Daktari zikaisha. Kisha vumbi la kijivu. Kisha halikuwa vumbi tena, lilikuwa tope, na Mkuu wa Karakana angekuwepo angepiga magoti. Kisha maji yakaruka. Yaliruka juu mpaka ndege wa Sudan Kusini wakalalamika. Fundi Mkuu akavua miwani yake, na kumbe alikuwa na macho, tena mazuri. Wanawake walipiga vigelegele, wazee wawili wakakumbatiana wakiwa wameloa, na mama mkwe, kwa mshangao wa kujikuta uso kwa uso na mume wa Keji, akajifunika kichwa kwa ndoo.

Baada ya kusafisha kisima na kumwaga zege la jukwaa la pampu, tulipeleka sampuli ya maji maabara ya chuo, ikarudi safi. Ikaja kazi ya kufunga pampu, na mimi sikugusa spana. Keji alifungua sanduku lake. Alishusha bomba moja moja, akaunganisha fito, akavalisha pistoni mpira, wanaume wakishika pale alipowaambia washike. Ugomvi ulibaki mmoja tu: mdomo wa pampu utazame kwa nani? Ukitazama kwa Wani, ni wa Wani. Ukitazama kwa Lemi, ni wa Lemi. Wazee walikuwa tayari kuitisha kikao kingine.

"Utazame Koboko mjini," alisema Keji, spana mkononi, bila kuongea na mtoto safari hii. "Wote tunapenda mji." Akakaza nati. Mdomo ukafuata mstari wa mpaka, na ndivyo ulivyo.

Mtoto wake aliacha kuugua. Jina la Fundi wa Hewa liliendelea kidogo, kwa mazoea, mpaka pampu ya kijiji jirani ilipoharibika na wenyewe wakaja kumbembeleza na kuku. Tangu hapo waliliacha. Mratibu akamchukua awe anafundisha siku za gulio pale Inde, kwenye turubai langu la zamani, na wakimbizi kutoka Sudan Kusini wakaja kujifunza kwake, wakatoka na masanduku yao kwenda kambini.

Mimi nilistaafu. Makamu Mkuu wa Chuo alifanya hafla, ikaliwa pilau, na katika hotuba yangu nilisema nimechimba visima elfu kumi, watu wakapiga makofi, na mhasibu akatikisa kichwa. Mkuu wa Karakana alikuwa amekwisha kustaafu zamani. Alikuja kutoka Dadamu na fimbo, akatazama viatu vyangu vya siku ile, akauliza kama ni vile vya harusi. Vilikuwa vyenyewe. Vilinibana sana.

Watu huniuliza chuo kidogo kama kile kinasaidia nini, maana minara yake haionekani hata kutoka soko la Arua. Mimi huwaambia waende Ludara wakanywe maji. Daktari alijua ufa ulipo. Wani na Lemi walijua watu wanavyokaa. Keji alijua vyote viwili, kwa sababu alivuka mara mbili: mara ya kwanza kuolewa, mara ya pili kuja Inde na mtoto mgongoni kujifunza pampu ambayo haikuwepo. Sisi wa chuo kazi yetu kubwa ilikuwa kuwepo Inde siku aliyofika.

Mwaka huu nilikwenda kuwatembelea. Miti ya kiwiko imekuwa mirefu, ina kivuli. Mzee Wani na Mzee Lemi walikuwa wameketi kila mmoja upande wake, wakitupiana maneno kupitia matete. Nilikwenda moja kwa moja kwenye pampu, mtu wa heshima, mwanzilishi, nikanyoosha mkono kushika mpini.

"Mwalimu!" Keji alipaza sauti kutoka jukwaani. "Foleni iko kule."

"Mimi?"

"Wewe. Na vua viatu, zege ni safi."

Nikavua viatu, nikarudi nyuma kabisa ya wanawake na madumu yao, wakanicheka mpaka zamu yangu ikafika. Nikapanda jukwaani, mguu mmoja kwa Wani, mguu mmoja kwa Lemi, nikasukuma. Maji yalitoka kwa msukumo wa kwanza. Valvu ya mguu ilikuwa haivuji hata kidogo.